Kiti cha Katikati

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzi juzi, lami imeshafika na malori yanapishana, palikuwa na mwanamke akiitwa Sekela. Kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kunong'ona. Hadithi hii ina kesi ndani yake, na mimi kesi siamui. Nawaletea ninyi.

Sekela aliendesha trekta la shamba la chai kule Rungwe mpaka akalizoea kama jembe. Halafu akaitamani barabara kubwa. Akasomea, akafanya mtihani, akapata leseni ya malori, akahamia Makambako kutafuta kazi. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na watu wake watatu, na ninaposema watu msinicheke, maana yeye mwenyewe ndivyo alivyowaita.

Wa kwanza alikuwa kuku, jina lake Mama Mkubwa. Alikuwa mweupe, mnene, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kudai haki yake. Wa pili alikuwa paka, jina lake Kitunguu, aliyeingia ndani siku ya mvua bila kupiga hodi na hakutoka tena. Wa tatu alikuwa mbwa, jina lake Hayawahusu. Jina hilo Sekela alilichagua kwa ajili ya majirani, na majirani walilielewa.

Basi Sekela akaenda kwa tajiri wa kwanza mwenye malori. Tajiri akaitazama leseni, akaipenda. Akawatazama kuku, paka na mbwa wamejipanga mlangoni, hakuwapenda.

"Dada yangu," akasema, "mimi nasafirisha mbao. Sisafirishi mazizi."

Sekela akaenda kwa tajiri wa pili. Naye akaitazama leseni, akaipenda. Akawatazama wale watatu, hakuwapenda.

"Waache nyumbani, kazi uanze kesho."

"Nyumbani kwangu ni chumba cha kupanga, tajiri. Nikisafiri wiki nzima nani atawalisha?"

"Wauze basi."

Sekela akaaga kwa adabu, akaondoka.

Akaenda kwa tajiri wa tatu, Mzee Tweve, Mkinga mmoja mfanyabiashara wa viazi. Mzee Tweve akaitazama leseni, akaipenda. Akawatazama wale watatu, akakuna kidevu kwa muda mrefu.

"Madereva wangu wameniacha na lori barabarani, wakaenda kunywa," akasema. "Mtu anayeshindwa kumwacha kuku wake, lori langu hataliacha. Nakupa kazi. Ila nisikilize vizuri, mwanangu. Kabini ina viti vitatu. Kimoja cha dereva, kimoja cha msaidizi, kinabaki cha katikati. Safari hii ya kwanza nenda nao wote. Ukirudi salama na mzigo umefika, ajira ni yako. Lakini kuanzia safari ya pili, kile kiti cha katikati ni cha mnyama mmoja. Wawili watabaki hapa yadini kwangu, nitawalisha, hawatapata shida. Yupi atakayekwenda nawe, utaniambia mwenyewe ukirudi."

"Nimekubali, tajiri," akasema Sekela.

Alifurahi, maana lori alilipata. Papo hapo moyo ukamuuma, maana wale watatu hawakuwahi kulala mbali mbali tangu walipokutana, wala yeye hakuwahi kulala mbali nao. Akajiambia, acha nianze kwanza, barabara yenyewe itanichagulia.

Mzee Tweve akampa mtu wa kumwangalia safari hiyo ya kwanza, dereva wa siku nyingi aitwaye Mzee Lutengano. Huyu mzee alikuwa anajua lori, lakini kazi yake nyingine ilikuwa kusonya. Alipopanda kabini akamkuta kuku kwenye kikapu, paka juu ya dashibodi na mbwa amelala pale miguu inapokaa, akasonya.

"Binti, hili ni lori au safina ya Nuhu?"

"Ni lori, baba. Karibu ukae."

Wakaondoka na viazi kwenda Dar es Salaam. Sekela aliendesha vizuri, gia aliziingiza kwa utaratibu, kwenye kona hakuwa na papara. Lutengano akatafuta kosa, akalikosa, ikabidi awasonye wanyama.

Na sababu hakukosa. Mama Mkubwa hatagi lori likitembea. Yai likimbana anasimama kikapuni, anatetea kwa kelele ambazo hata honi haizishindi, na hanyamazi mpaka lori lisimame na injini izimwe. Lutengano akasonya. Yai likakaangwa pale pale kwa mama lishe, na aliyelila ni Lutengano. Kisha akasonya tena.

Kitunguu naye, lori likisimama, anashuka na kupotelea chini ya lori kutafuta joto la injini. Kwa hiyo kila wanapotaka kuondoka, lazima Sekela alizunguke lori lote na kuinama kwenye kila tairi. Lutengano akasonya.

Hayawahusu naye hapandi kabini mpaka wenzake wote wawe wamepanda. Ukimvuta anakaa chini, ukimsukuma anajilaza. Lutengano akasonya.

"Kwa mwendo huu," akasema, "viazi vitaota majani kabla hatujafika."

Sekela akacheka. Alikuwa na raha, asiwafiche mtu. Lori lilikuwa mikononi mwake, watu wake wako pembeni, na hata huyo mzee wa kusonya alishaanza kumzoea.

Sasa tegeni sikio, kesi inaanzia hapa.

Siku ya pili wakakaribia mteremko ule mrefu wenye kona zinazofuatana, bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande mwingine. Juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, kuna mama lishe aitwaye Mama Aneth, na jirani yake kuna mashine ya kusaga mahindi. Sekela alitaka kusimama, Lutengano akakataa.

"Hapa hatusimami. Tunashuka moja kwa moja, tutakula bondeni. Leo nataka nikuone kwenye mteremko."

Alipomaliza kusema hivyo, Mama Mkubwa akasimama kikapuni. Akaanza kutetea. Lutengano akaziba sikio moja, akaziba na la pili, mwisho akasalimu amri.

"Simama. Simama huyu bibi atage, la sivyo nitaruka dirishani."

Sekela akasimama, akazima injini. Kuku akataga. Wao wakala wali na maharage kwa Mama Aneth, na yai likawa la Lutengano kama kawaida. Mashine ya kusaga ikawa inanguruma muda wote, hata kuongea ilibidi wapaze sauti.

Walipomaliza, Sekela akawaita watu wake. Mama Mkubwa alikuwa kabini tayari, ametulia. Hayawahusu alikuwa amekaa karibu na tairi za nyuma, hasogei. Kitunguu haonekani.

Sekela akazunguka lori, akainama tairi baada ya tairi, hakumwona. Akatafuta jikoni kwa Mama Aneth, hakumwona. Akatafuta kwenye magunia ya mashine ya kusaga, hakumwona.

"Tumwache," akasema Lutengano. "Paka hapotei. Ukirudi utamkuta hapa, amenenepa."

"Baba, mimi simwachi."

"Tumechelewa, binti. Tajiri ataniuliza mimi."

"Mwambie tajiri ni mimi. Simwachi."

Hayawahusu akaanza kubweka. Alibweka akiangalia chini ya lori, palepale kwenye tairi za nyuma, ambapo Sekela alikwisha kuinama. Lutengano, hasira za kuchelewa zimempanda, akamwendea.

"Nawe panda huko," akasema, akampiga teke la mbavu.

Mbwa akalia, akaruka pembeni. Kisha akarudi palepale, kwa mtu aliyempiga, akaendelea kubweka akiangalia chini. Sekela akaona hilo. Moyo ukamuuma kwa lile teke, lakini hakubishana. Alilala chali juu ya changarawe, akajivuta mpaka ndani kabisa, kati ya chesisi na ekseli, vyuma vinavyobeba lori.

Kitunguu alikuwa huko. Manyoya yamesimama, mgongo umepinda, mkono mmoja umeinuliwa. Mbele yake kulikuwa na paipu ya upepo wa breki, imesuguana na chuma mpaka ikatoboka, inatoa upepo, shiii. Kitunguu alidhani ni nyoka, na kila paipu ilipotoa sauti aliichapa kofi. Sekela akaweka kiganja. Upepo ukampiga kiganjani.

"Baba," akaita. "Njoo uangalie hapa."

Lutengano akaingia uvunguni, akanung'unika kidogo, kisha naye akaweka kiganja. Malori haya breki zake zinafanya kazi kwa upepo. Injini ikiwaka, upepo unajazwa upya na ngurumo inafunika kila kitu, huwezi kujua. Wangeanza kuushuka mteremko ule, Sekela akakanyaga breki kona ya kwanza, akakanyaga kona ya pili, na kona ya tatu pasingekuwa na kitu cha kukanyaga. Mzee alipotoka uvunguni alikaa chini na kuegemea tairi. Hakusonya.

Fundi akaitwa, paipu ikabadilishwa. Sekela akaushuka mteremko kwa gia ndogo, polepole, mikono imetulia, mpaka bondeni. Viazi vikafika Dar es Salaam vikiwa vizima, vikauzwa, nao wakageuza. Ajira sasa ilikuwa yake. Ila kadiri Makambako ilivyokaribia, maneno yake yalipungua, maana ahadi ya kiti alikuwa hajaisahau, na barabara aliyotegemea imchagulie mmoja ilimrudishia wote watatu.

Wakala tena kwa Mama Aneth, wakamweleza habari ya kiti. Mama Aneth hakufikiri sana.

"Mpe kuku. Nyie mlikuwa mnapita hapa bila kusimama, nani aliyewasimamisha? Injini isingezimwa, paipu isingesikiwa na mtu, wala mbwa, wala paka. Wa kwanza ni wa kwanza. Na kila siku anakupeni yai juu ya hayo. Wenzake wanakupeni nini zaidi ya manyoya?"

"Lakini mama," akasema Sekela, "yeye alitafuta pa kutagia tu."

"Na wewe ulipozaliwa, mama yako alitafuta nini? Mpe kuku."

Wakafika Makambako. Mzee Tweve akasikiliza habari yote, akashika kichwa, akamshukuru Mungu wake. Kisha akauliza, "Haya, ni yupi?"

Sekela akawatazama watu wake mmoja mmoja. Aliyesema ni Lutengano, na alisema akiangalia chini.

"Tajiri, mpe mbwa. Kuku alikuwa na shida yake mwenyewe, paka alikuwa na vita vyake na nyoka. Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa anatuita sisi. Nilimpiga teke, na teke langu si la mchezo, lakini alirudi. Mimi ningepigwa hivyo ningekwenda zangu, nikawaacha mshuke na lori lenu. Bila yeye, huyu binti angechoka kutafuta."

"Hapana," akasema Mzee Tweve. "Mbwa alijua rafiki yake yuko chini ya lori, basi. Habari ya paipu hakuijua. Kubweka kila mbwa anabweka. Aliyeliona tatizo lenyewe, akalikabili kwa mkono wake, ni paka. Kuku angesimamisha lori na mbwa angebweka, lakini paka angekuwa kabini amelala, mngepanda mkaondoka, na leo ningekuwa nazika. Mpe paka."

"Aliona nyoka, tajiri. Hakuona paipu."

"Aliona hatari, Lutengano. Wewe uliona yai la kukaanga."

Wakabishana hivyo mpaka wapakiaji wakaacha magunia kusikiliza, nao wakagawanyika, hawa kwa kuku, hawa kwa paka, hawa kwa mbwa. Viazi vya safari ya pili vikapakiwa, turubai likafungwa, injini ikawashwa. Mzee Tweve akamwonyesha Sekela banda alilowajengea wale watakaobaki, zuri, lina bati na majani makavu, hakuna wa kulilaumu. Sekela alishukuru, na alishukuru kwa dhati.

Ndipo akaufungua mlango wa kabini. Mama Mkubwa, Kitunguu na Hayawahusu wamekaa bega kwa bega kwenye changarawe, wanamtazama yeye, hawamtazami mwingine. Kila mmoja anangoja kupandishwa kama siku zote. Sekela akainama, akanyoosha mikono.

Na mimi mikono yake naiachia hapo hapo. Haya, wenye akili zenu. Kuku aliyesimamisha lori akitafuta pa kutagia, paka aliyeikuta paipu akiwinda nyoka, na mbwa aliyepigwa teke akarudi akiita. Je, nani alistahili kile kiti? Na wewe ambaye umeshanyoosha kidole, unajua utakwenda kuwaambia nini wale wawili?