Kiitikio cha Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata wanyama walitwanga nafaka yao wenyewe... Haya, sogeeni. Wewe unayechomoa ukindu wa mkeka wangu, nakuona. Tulia usikie.

Alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, wa kijivu, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Aliishi na bibi yake juu ya jabali, mahali ambapo ukisimama unauona mto upande huu na nyumba ya sala upande ule. Alichokuwa nacho ni zeze la kibuyu tu, alilorithi kwa babu yake.

Kila alfajiri Bibi alitwanga mtama, twi! twi! twi! Pimbi akavuta uta juu ya uzi wa zeze, nziii-nzi, nziii-nzi, akamwimbia Mungu.

"Nani kaleta mvua?"

"Ni yeye!" Bibi aliitikia, mchi ukiwa hewani.

"Nani kaotesha mtama?"

"Ni yeye!" Twi!

Hawakuimba ili wasikike. Lakini Hondohondo, ndege yule mwenye mdomo mkubwa, hana siri. Aliusikia wimbo akaupeleka bondeni, na muda si muda nchi nzima ilikuwa ikiuimba. Wanyama wakapanda jabali makundi kwa makundi. "Pimbi! Pimbi!" Twiga peke yake alibaki chini, maana kichwa chake kilikuwa kimeshafika.

Wa kwanza kunusa faida alikuwa Kiboko, muuza togwa, kinywaji kile kizito cha unga.

"Mwanangu Pimbi," alisema, "wimbo huu utauza togwa mpaka mitungi ikauke. Wewe uliza, 'Nani katuliza kiu ya nchi?' Mimi nitaitikia, 'Ni mimi!'"

"We Kiboko, huna haya?" Ndovu alinguruma nyuma yake. Ndovu ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya sala. "Wimbo wa Mungu uwekwe kwenye togwa? Huu ni wetu sisi wa sala! Pimbi, uliza, 'Nani kajenga nyumba ya sala?' Nami nitaitikia, 'Ni mimi!'"

Wakabishana mpaka vumbi likatimka. Mwishowe wakapatana kwamba siku ya gulio wote wawili wataitikia. Wakamvika Pimbi kanzu jeupe, refu, la kuwatosha pimbi watatu na mtoto. Na mimi sitawaficha, watoto: Pimbi alilipenda. Alijitazama kwenye kidimbwi, akageuka, akajitazama tena.

Alfajiri akaujaribu wimbo mpya. Nziii-nzi. "Nani katuliza kiu ya nchi?"

Mchi ukasimama.

"Bibi, mbona huitikii?"

"Namngoja mume wangu," Bibi alisema. Si mnajua bibi na mjukuu huitana mume na mke kwa utani? "Wewe mwenye kanzu sikujui. Ukimwona Pimbi huko njiani, mwambie kinu kinamsubiri."

Pimbi akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu hata yeye sauti yake mwenyewe hakuitambua. Akalivua kanzu, akalikunja, akashuka nalo bondeni kwa Kiboko na Ndovu, zeze lake begani.

"Niwieni radhi, wazee wangu. Ule wimbo wenu sitauimba."

"Ati nini?" Kiboko akalinyakua zeze, pwaa! akaliweka kati ya meno yake. "Siku ya gulio uimbe tunavyotaka. La sivyo nalitafuna kama tango!"

"Zeze la babu yangu!"

"Krr," meno yakasema.

Pimbi akarudi jabalini, akakaa akalia. Alipochoka kulia akatazama upande wa mto. Lo! Kiboko alikuwa akijaza mitungi ya togwa maji ya mtoni, gubu-gubu-gubu. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakungoja hata kusifiwa. Pimbi akatazama upande wa pili. Loo! Nyuma ya nyumba ya sala Ndovu alikuwa akizila ndizi za sadaka, chungu nzima, na maganda yake.

Pimbi akafuta machozi. "Kumbe," alisema. "Kumbe!"

Siku ya gulio uwanja ulifurika. Pimbi akaja bila kanzu.

"Shikamooni, wazee wangu. Nitaimba. Ila mila ya wimbo mnaijua?"

"Mila ipi?" Ndovu aliuliza.

"Aliyeanza kuitikia hanyamazi mpaka mpigaji ateremshe uta. Akinyamaza, wimbo umemkataa. Hana amri tena juu yake, wala juu ya zeze."

"Nani asiyejua hayo!" Kiboko akacheka. "Sisi tunyamaze? Kwa midomo hii?" Akamrudishia zeze mbele ya watu wote.

Nziii-nzi, nziii-nzi.

"Nani katuliza kiu ya nchi?"

"NI MIMI!" waliitikia wote wawili, kila mmoja akitaka asikike kuliko mwenzake.

"Nani kajenga nyumba ya sala?"

"NI MIMI!" Hata Kiboko, ambaye hakuwahi kubeba tofali. Swali hawakulisikiliza tena.

"Nani kenda mtoni jana?"

"NI MIMI!"

"Nani katia maji kwenye togwa?"

"NI MIMI!" Kiboko alinguruma, na mdomo ukabaki wazi.

"Haaa!" uwanja ukapiga kelele. Nyumbu akachungulia kata yake. "Ndiyo maana nakunywa tangu asubuhi na njaa iko palepale!"

Ndovu alimcheka Kiboko mpaka masikio yakapiga makofi, na katika kicheko hicho akasikia zamu ya kuitikia.

"Nani kala ndizi za sadaka?"

"NI MI—"

"Malizia, mzee!" watu walipiga kelele.

Uta ulikuwa bado unatembea. Nziii-nzi. "Nani kazila na maganda?"

Kiboko akamtazama Ndovu. Ndovu akamtazama Kiboko. Wakiitikia, ni aibu. Wakinyamaza, wimbo umekwenda. Ndovu akauingiza mkonga mdomoni.

"Wamenyamaza!" Hondohondo alipaza sauti. "Wimbo umewakataa!"

Pimbi akateremsha uta.

"Umetuumbua, kijana," Ndovu alinong'ona.

"Mimi, mzee wangu? Mimi nimeuliza tu."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo togwa ilikuwa nzito, na ndizi za sadaka ziliwafikia wenye njaa. Waliotaka kumsikia Pimbi waliendelea kupanda jabali, ila kila aliyefika alipewa mchi atwange. Hata Ndovu alikuja, na alitwanga vizuri.

Lakini alfajiri ile ya kwanza baada ya gulio walikuwa wawili tu. Nziii-nzi.

"Nani kaleta mvua?"

Bibi akauinua mchi, akasikiliza kidogo.

"Ni yeye!" Twi! "Karibu nyumbani, mume wangu."

Nami nimetwanga, pumba zangu, unga wenu: imba kilicho chako, sifa zije zisije.