Nguchiro Ashindana na Kifaru kwa Siagi

Hapo zamani, zamani za kale hasa, watoto wangu, Nguchiro na Kifaru walifuga ng'ombe wawili katika zizi moja. Madoa alikuwa amezaa karibuni, na maziwa yake, lo! Chwaa! Chwaa! Ndoo inafurika povu! Mwenzake, Shaba, alikuwa akikamuliwa tangu mwaka uliopita. Yake yalikuwa yamebaki kidogo tu.

Siku moja Kifaru akapiga mguu chini, gudu! "Kuanzia leo Madoa ni wangu! Wewe chukua huyo Shaba."

"Lakini Bwana Kifaru, tulikubaliana tugawane! Wanangu watakunywa nini?"

"Watakunywa umande! Ondoka!"

Nguchiro akarudi nyumbani mkia umemsimama kwa hasira. Akawaza, akawaza, mara akaruka juu. "Mke wangu, nimepata!"

Mbio akarudi kwa Kifaru. "Bwana mkubwa, tushindane! Mwezi ukiandama, kila mmoja alete kibuyu kimoja cha maziwa, vyote viwili vya ukubwa sawa, tuvisukesuke mbele ya majirani. Atakayepata siagi nyingi achukue ng'ombe wote wawili."

Kifaru akacheka mpaka pembe ikatikisika. "Wewe na hicho kikongwe chako? Nimekubali!"

Jioni Nguchiro akasimama karibu na ua wa Kifaru, akapaza sauti. "Mke wangu wee! Usimpe Shaba nyasi! Mpe uji wa mahindi tu, maziwa yatafurika!"

"Shii! Kifaru atasikia!" mkewe akajibu, akijizuia kucheka.

Kifaru alikuwa keshasikia. Akamnyima Madoa nyasi, akamjaza uji. Na kweli maziwa yalizidi! Nguchiro, kimyakimya, alimlisha Shaba nyasi ndefu na majani ya kunde.

Mwezi ukaandama. Majirani wakajaa. Vibuyu vikaanza: shuku-shuku-shuku! Nguchiro akakitupia jicho kibuyu chake. Je, kama amekosea? Wanawe walikuwa wamekodoa macho.

Jirani yao Nyani, aliyechaguliwa kuwa mwamuzi, akafungua kibuyu cha Kifaru. "Aa! Siagi hii haitoshi hata kupaka kidole!"

Akafungua cha Nguchiro. Pwata! Bonge la siagi likaangukia bakulini.

"Uchawi!" Kifaru akafoka.

"Uchawi wapi, bwana? Ng'ombe aliyezaa karibuni humwaga maziwa mengi, mepesi. Anayekaribia kukauka hutoa kidogo, mazito. Tena nyasi ndizo zinazoleta siagi. Uji wako umeongeza maziwa tu!"

"Lakini nilikusikia ukisema..."

"Nilikuwa nasema na mke wangu. Wewe nani alikuita?"

Majirani wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Kifaru akaondoka, gudu, gudu, hata kwaheri hakusema. Nguchiro akawaswaga Madoa na Shaba hadi kwake, wanawe wakirukaruka mbele, na kabla hajaonja ile siagi akamtupia Madoa mzigo mzima wa nyasi.

Basi watoto, anayepora cha mwenzake kwa kuona wingi tu, hajui hata alichokipora.