Jiwe la Jua na Salamu Iliyokatazwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipika, wakipakua na kugombania mwiko kama sisi, Fisi na ukoo wake waliwavamia pimbi katika majabali ya ng'ambo ya mto. Sogeeni karibu. Wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi, maana mbele hakuna kicheko.

Pimbi mmoja alifanikiwa kuvuka mto. Nyuma alimwacha dada yake Zawena, mja mzito asiyeweza kukimbia, amejibanza kwenye ufa wa mwamba.

"Nenda, kaka," Zawena alimwambia. "Ila urudi."

"Nitarudi na mwenye nguvu kuliko Fisi!"

Mwenye nguvu alikuwa Tembo. Lakini Tembo alikuwa barazani kwake anakunywa uji, na vita vya ng'ambo havikuupunguzia uji ule sukari.

"Mambo ya Fisi yananihusu nini?" aliuliza. "Si mto upo?"

Pimbi akaona huruma haitamwinua huyu. Labda hofu. Akajitupa chini, akatetemeka mwili mzima.

"Mzee wangu, umekwisha! Fisi wanapika jiwe la jua! Kuna mawe yana joto ambalo hakuna aliyeliwasha. Ukiyasaga, ukayabana pamoja, yanapasuka. Mlima mzima, tifu!"

"Umewaona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya mawili!"

Uongo mtupu! Alichokiona ni moshi wa fisi wakichoma mifupa. Ila habari ya mawe yenyewe ilikuwa kweli, maana pimbi wanazaliwa kwenye mawe na wanayajua.

Tembo akaangusha bakuli. "Basi tulipike sisi kwanza!"

Wakaenda nyika kavu, wakajenga ua mrefu wa miiba. Mchwa walichimba, nungunungu walitoboa, nyani walisaga. Hakuna aliyejua mwenzake anatengeneza nini. Pimbi ndiye aliyetunga sheria: ndani ya ua ule, ni marufuku kuulizana habari za kazi, hata kwa salamu.

"Wakijua wataogopa," alimnong'oneza Tembo. "Wakiogopa wataacha."

Hebu fikirini, wajukuu zangu. Mnakutana asubuhi, mnatazama chini, mnapitana. Hata Mama Nyani aliponyonyoka manyoya mikononi, hakuna aliyethubutu kumwuliza ni kazi gani iliyomfanya vile. Mimi sheria hiyo naiogopa kuliko simba.

Walipika mawe mawili. La kwanza wakaliweka mbali, juu ya kichuguu, ili kulijaribu. Jua lilikuwa utosini.

Ng'aa! Dunia ikawa nyeupe pe, jua la kweli likaonekana kama kibatari. Kisha gu-gu-guuu! Kisha kimya. Kichuguu hakikuwepo, na mchanga wa pale ulikuwa umeyeyuka ukawa kioo. Nyani mmoja alijikojolea, wala hakuna aliyemcheka.

Kabla hawajatulia, Kozi, ndege mpelelezi wa Tembo, akatua akihema.

"Mzee, nimetoka ng'ambo. Fisi hawana jiwe wala nini! Wana majivu na njaa. Wameanza kusema waombe amani."

"Afadhali!" Pimbi aliruka. "Mzee, tulifukie hili lililobaki. Lilikuwa la kutishia tu."

Tembo alilinyanyua jiwe la pili kwa mkonga, taratibu, kama mtoto aliyeokota kisu.

"Mzee, unalipeleka wapi?"

Tembo akaanza kutembea.

"Nilikudanganya, Mzee! Sikuona jiwe, niliona moshi! Dada yangu yuko kule, labda na mtoto mchanga! Unakwenda kufanya nini?"

Tembo akageuka polepole.

"Pimbi, ndani ya ua huu haziulizwi habari za kazi. Si wewe uliyetufundisha?"

Akashika njia ya mtoni. Pimbi akamng'ang'ania mguu, akaburutwa, akaanguka, akainuka, akakimbia tena huku akilia. Alikuwa bado njiani alipoona jua la pili likichomoza ng'ambo ya mto, upande ambao jua huzama.

"Zawena! Zawenaaa!"

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakukuwa na majabali ya kumwitikia hata kwa mwangwi.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua, na anayeogopa kulala peke yake aje ubavuni kwangu: aliyempa mwenye nguvu moto kwa uongo hawezi kumpokonya kwa ukweli.