Nyati na Andalio la Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Chaki?
— Ya mwalimu!
Makofi?
— Ya Pimbi!
Na wivu?
— Wa Nyati!

Haya, kaeni. Na wewe wa nyuma, funga mdomo, leo nasimulia mimi.

Pimbi alitoka chuoni akaenda kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwa Nyati. Nyati ndiye mwalimu mlezi wake. Bila saini ya mlezi na alama za mkaguzi, Pimbi hamalizi chuo ng'o!

Jumatatu Pimbi akafundisha kuhesabu kwa mahindi. Watoto wakapiga makofi, pa pa pa! Nyati kule nyuma roho ikamuuma. Kengele ilipolia akayatafuna mahindi yote, kwacha kwacha. Jumanne Pimbi akafundisha kwa viazi. Pa pa pa! Roho ikamuuma. Akavitafuna, kwacha kwacha.

Kuanzia Jumatano akawa anamnyang'anya Pimbi andalio la somo na kufundisha yeye. Makofi? Wapi! Jitu zima na pembe zake, linaonea wivu makofi ya watoto!

Ikafika siku ya mkaguzi, Bi Korongo. Kabla ya kipindi Pimbi akamwamkia Nyati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lete andalio."

"Jamani mwalimu, hata leo? Si ninakaguliwa mimi?"

"Lete! Nafundisha mimi, wewe utafuta ubao."

"Basi nimalizie mstari mmoja tu."

Akaandika, akampa kwa mikono miwili. Pimbi alishajua kitu kimoja: Nyati halisomi andalio mpaka asimame mbele ya darasa.

Pimbi akasema somo la leo ni la nje, wakaenda wote uwanjani, watoto na mkaguzi. Nyati akakohoa, akasoma. "Somo: Kuvuta na Kusukuma. Kazi ya mwalimu: kupitisha kichwa kati ya miti miwili."

Akapitisha, kwaruu! Akajaribu kurudi nyuma. Thubutu! Pembe zimenasa.

Bi Korongo akauliza, "Hili andalio la nani?"

"Langu! Nimeandika mwenyewe, kila neno!" Shingo imebanwa, wivu haujabanwa.

Pimbi akatoa karatasi nyingine. "Na langu ni hili, Bi Mkaguzi. Somo: Kuvuta na Kusukuma. Zana: Nyati mmoja."

Watoto wakashika mkia. Pimbi akauliza, "Hiyo ni nini?"

"Kuvuta!"

Wengine wakaenda mbele, wakamkandamiza usoni. "Na hiyo?"

"Kusukuma!"

Vuta, sukuma, vuta, sukuma, pwaa! Nyati akakaa kitako. Makofi, pa pa pa! Bi Korongo naye akapiga mabawa. Kwenye zana akampa Pimbi alama zote. Nyati akasaini huku analia, na si kwa maumivu ya shingo.

Hadithi nimeifuta ubaoni, vumbi la chaki jikung'uteni wenyewe.

Fundisho? Mwalimu wa mazoezi, andalio lako mpe mlezi wako, kumnyima ni utovu wa nidhamu. Na walezi wenzangu, wivu haufai. Mimi sina hata chembe. Huyu binti niliyeletewa mwaka huu, anayepigiwa makofi mpaka yanasikika ofisini, anakaguliwa kesho. Andalio lake ninalo hapa mkobani. Nitalisoma hukohuko darasani.