Kindi na Nyoka Aliyekataa Kula

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kualikana, Bi Kiboko alimfuga nyoka mchanga, akamwita Uzi kwa wembamba wake. Uzi alikula mayai madogo ya tetere. Akiyameza, glupu! Bi Kiboko anapiga makofi.

Siku moja Uzi akakataa yai. Kesho yake akakataa tena. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na ngozi imefifia.

Katika kijiji chao, mtoto akikataa chakula, anayesemwa ni mpishi. Bi Kiboko akaona aibu, akamwita jirani yake, Bwana Nyati.

"Mshike kichwa, mimi namtia uji!"

"Mama, sitaki! Nisubirini tu..."

"Nyamaza! Unataka watu waseme nakunyima?"

Puuu! Uzi akautapika uji wote kwenye kwato za Nyati.

Kindi alikuwa dirishani. Aliyajua macho yale: nyoka anakaribia kujivua gamba, na wakati huo nyoka huwa hali. Angeweza kulisema hilo, sentensi moja tu. Hakulisema!

"Shikamoo, Bi Kiboko. Mwanao amepigwa jicho. Hawezi kula watu wakimtazama. Nipe mayai, ufunge mlango, nimlishe mimi."

"Marahaba. Wewe, mdogo hivyo?"

"Nyie wakubwa mmemkaba, mmefika wapi?"

Nyati akaguna, lakini mlango ukafungwa.

"Lala, ndugu yangu," Kindi akanong'ona. "Hakuna atakayekusumbua." Kisha, kacha kacha kacha, akala mayai yote sita, akatoka na maganda. "Kamaliza!"

Bi Kiboko akapiga vigelegele, na tangu siku hiyo mlango ukabaki umefungwa, Kindi peke yake akiingia kila asubuhi na mayai sita.

Mpaka hapo, nakiri, ulikuwa ujanja mzuri. Uzi alipumzika, na siku ya nane akajivua gamba, swaaa, akatoka anang'aa.

"Kindi, sasa nina njaa."

"Kesho," Kindi akajibu, yai limejaa mdomoni.

Kesho ikazaa kesho. Mayai yalikuwa matamu, na vile vigelegele vitamu zaidi. Sauti ya Uzi, kwa njaa, haikuvuka mlango, basi akaugonga kwa mkia, ko, ko, ko. Nje, Bi Kiboko akamwambia Nyati, "Msikie anavyocheza! Kashiba huyo."

Niulizeni, basi: siku zote hizo, nani alifungua mlango akamwuliza nyoka? Hakuna!

Asubuhi moja Kindi alichelewa. Bi Kiboko akaingia mwenyewe na mayai. Uzi alikuwa amelala sakafuni, mbavu zote zinahesabika.

"Mama, nilikukosea nini hata ukaninyima?"

"Nakunyima? Si unakula sita kila siku?"

Uzi akatikisa kichwa. Bi Kiboko akavunja yai haraka, akalidondosha kwenye ulimi wake. Likatiririka likaishia sakafuni. Uzi hakuwa tena na nguvu ya kumeza. Mchana haukumkuta hai.

Kindi alifika akasimama kizingitini. "Mimi... mwanzoni nilitaka tu apumzike," akasema, machozi yakimtoka. Nyati, aliyekuwa amekimbilia kilio, akainua kwato amponde.

"Mwache," Bi Kiboko akamzuia. "Alidanganya yeye, lakini mlango niliufunga mimi."

Hadithi yangu inakomea hapo, watoto, na funzo lake ni hili: asiyekula aulizwe mwenyewe, tena asikilizwe.