Kichuguu cha Kuhesabu Mvua

Jambo la mwisho la kawaida katika kiangazi kile lilikuwa hili: Kobe alikunywa maji bwawani, akaacha nafasi kushoto kwake, pale alipozoea kusimama mkewe. Mkewe alikuwa amekufa mwezi uliopita, baada ya kufukia mayai ukingoni. Udongo ule ukikauka, watoto wasingeweza kutoka.

Adhuhuri Simba aliwaita wanyama. Alitaka kuijua siku ya mvua kabla ya Simba wa ng'ambo ya kilima. Sungura akasema anacho kichuguu cha mchwa wanaohesabu umande na upepo; jibu litatoka baada ya siku kumi.

"Kumi ni nyingi," alisema Simba. "Nataka tano."

Sungura aliongeza mchwa maradufu. Kichuguu kikapata joto, ikabidi kimwagiwe maji ya bwawa. Simba akataka siku mbili. Mchwa wakaongezwa tena, na vibuyu vya maji pia, vyote vikipitia mikononi mwa Sungura. Kila walipoongezwa, hesabu ilianza upya.

Kobe, aliyebebeshwa vibuyu kama wenzake, alichungulia ndani. Kila mchwa aliyemaliza hesabu yake alisubiri kumnong'oneza malkia, na chumba cha malkia kilikuwa na mlango mmoja.

"Bwana Sungura, ukiongeza mchwa unaongeza foleni tu."

"Mzee Kobe, mambo ya kasi wewe umeyajulia wapi?"

Wanyama walicheka. Fisi alicheka kuliko wote, kisha akauliza wanacheka nini.

Bwawa lilipobaki tope, malkia alitoa jibu. "Mvua itanyesha siku ya arobaini kuanzia leo. Maji ya bwawa, kama yasingechotewa kichuguu hiki, yangetosha siku hamsini."

Sungura alieleza kwamba tatizo lilikuwa uchache wa mchwa.

"Mtukufu," alisema Kobe, "twende mlangoni kwa Sungura. Kumeota nyasi."

Nchi nzima ilikuwa kavu, ila pale. Walipofukua walikuta vibuyu vimejaa pomoni, kimoja kikivuja. Simba alitangaza kwamba alijua tangu mwanzo, kisha akamhukumu Sungura kumpelekea kila mnyama maji yake, mwenyewe akinywa wa mwisho, na atembee kwa mwendo wa Kobe asije akayamwaga.

Kesho yake asubuhi Kobe alipokea kibuyu chake. Hakunywa. Alikwenda nacho hadi ukingoni, akasimama upande wa kulia, akayamimina maji yote juu ya mayai.