Kata ya Maji ya Mama Tuli

Sogeeni karibu, na wewe uliyekaa mlangoni acha kumfinya mwenzio. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, mji wa Kitivoni ulikuwa na tangi moja tu la maji, kule mlimani. Maji yalishuka kwa bomba mpaka sokoni, kila mtu akakinga ndoo yake.

Aliyepewa kazi ya kulitunza tangi hilo ni Bwana Kiboko. Sasa niambieni, kiboko na tangi la maji! Kila adhuhuri jua likichoma, alipanda mlimani, akafungua mfuniko, akajitumbukiza, chubwi! Alioga humo, na haja zake humo humo. Nyumbani kwake hawakuonja tone la maji hayo. Walikuwa na chemchemi yao nyuma ya nyumba, ameizungushia ua.

Maji ya bomba yakaanza kunuka, watoto wakaharisha. Watu walipolalamika, Kiboko aliwaapia kuwa maji ni safi, tena matamu, ila matumbo yao ndiyo mabovu. Nani angebishana na mwili ule?

Basi palikuwa na pimbi mmoja, mdogo wa kutia mfukoni, akiitwa Mama Tuli. Mwanawe alikuwa mmoja tu, huyo Tuli, na alikuwa anaharisha siku ya nne, macho yameingia ndani. Mama aliogopa, jamani, aliogopa kumzika mwanawe.

Asubuhi akaenda kwa Bi Mashavu, mke wa Kiboko, kumwomba maji ya chemchemi ya kumnywesha mgonjwa. Bi Mashavu alikuwa na huruma. Alimjazia mtungi, akaahidi kuja kumjulia hali mtoto.

Mama Tuli akamnywesha mwanawe, yaliyobaki akayaficha. Kisha akampelekea Kiboko salamu kwamba mji mzima uko kwake kumwona mgonjwa, na mkubwa wa maji ndiye pekee anayengojwa. Kiboko kwa kupenda sifa! Akaja mbio, nyumba ikatikisika, akakuta watu wamejaa, mkewe naye kati yao.

Kitivoni mgeni alipewa maji kabla ya mazungumzo, na akiyakataa amemtukana mwenye nyumba. Mama Tuli akachota kata moja katika mtungi ule ule, akapiga magoti.

"Karibu maji, Bwana. Ni haya haya ya bomba letu."

Kiboko akasema amekunywa njiani. Mara akasema jino linamuuma. Watu wakazidi kumkodolea macho. Mwisho akapiga funda moja, uso ukamkunjamana, akatema, pfuu!

"Yananuka!"

Mama Tuli akamuuliza taratibu kama si yeye aliyeapa kuwa ni matamu.

"Matamu? Maji ninayoogea?"

Akajiziba mdomo, lakini neno limeshatoka. Bi Mashavu akainuka pale alipokaa, machozi yanamlengalenga.

"Mume wangu, hayo ni ya chemchemi yetu. Nimeyachota kwa mkono wangu."

Hakuna aliyempiga. Walimfuata tu mpaka mlimani, Nyati na pembe zake nyuma yake, wakamsimamia. Akalimwaga tangi lote, akalisugua kwa makumbi ya nazi siku mbili mpaka viganja vikachubuka. Ua wa chemchemi ukang'olewa, wagonjwa wakachota kwanza. Siku ya tatu Tuli akadai uji, akaumaliza, akaomba mwingine.

Basi, wanangu, anayewagawia watu maji na anywe hayo hayo.